Jiwe Katika Wali ni la Nani?

Kitu kigumu kuliko vyote mwilini mwa binadamu si fuvu la kichwa, hata kama una shemeji anayekushawishi uamini hivyo. Ni enameli, lile ganda jeupe linalofunika jino. Katika kipimo cha ugumu wa madini alichokibuni Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, ambacho kileleni mwake imekaa almasi yenye 10, enameli hupata 5 hivi. Ni alama ya kupita darasa. Bahati mbaya kwatzi, madini yaliyojaa kwenye mchanga na changarawe, hupata 7. Kwa hiyo gego lako likikutana na kijiwe katikati ya wali maharage, matokeo yalishajulikana kabla ya mechi kuanza, na nguvu ya kulivunja umeitoa mwenyewe, kwa sababu taya za mtu mzima zinaweza kubana magego kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70. Enameli ikishavunjika hairudi. Mwili unaunga mfupa, unaotesha kucha na nywele, lakini jino unalitazama tu. Hasara basi ni ya kweli na ya kudumu, na swali la nani ailipe ni la haki kabisa. Tatizo ni kwamba kwetu halijibiwi. Mlaji hushika shavu, meza nzima humpa pole, muuzaji naye humpa pole, na mara nyingi mlaji ndiye anayeishia kuomba radhi kwa kuwakatisha wenzake hamu ya kula.

Msimamo wangu ni huu: jiwe ni la yule aliyemnyima mlaji nafasi ya kuliona. Chukua mchele. Mpunga ukivunwa hupigwa na kuanikwa chini, juu ya turubai kwa mwenye turubai na juu ya udongo kwa asiye nalo, kisha hufagiliwa pamoja na chochote kilicholala pale. Mashine ya kawaida ya kukoboa hutoa pumba, kokoto ikapita salama. Kazi ya mwisho hubaki kwa macho ya mtu: mchele unapepetwa kwenye ungo, unatandazwa, kidole kinavuta punje kidogo kidogo kuja upande wa mchaguaji, chuya huku, jiwe kule. Adui mkubwa ni kile kijiwe cheupe chenye umbo na ukubwa wa chenga, ambacho ukikitazama nacho kinakutazama bila aibu. Wanaojua huongeza hatua nyingine: wakati wa kuosha, humimina mchele na maji yake kutoka sufuria moja hadi nyingine, polepole, mkono ukitikisa, vijiwe vikabaki vimezama chini. Ukinunua mchele dukani ukaupika bila kufanya lolote kati ya haya, ukavunja jino, usimtafute mtu. Macho ulikuwa nayo, na ungo unauzwa sokoni. Lakini mchele huohuo ukishaiva, ukapakuliwa na kumwagiwa maharage juu, macho hayana kazi tena. Hakuna mlaji anayetandaza wali mezani na kuuchagua upya, na akithubutu ataulizwa kama amekuja kula au kukagua. Aliyemuuzia sahani ile alimuuzia wali, na pamoja nao akamuuzia uhakika kwamba kuna mtu aliyeutazama kwa niaba yake.

Hoja hii iliwahi kufika mbele ya majaji wakubwa ikiwa imebebwa na konokono. Agosti 1928, katika mji wa Paisley huko Uskoti, mwanamke aitwaye May Donoghue aliingia mgahawani na rafiki yake, na rafiki akaagiza aiskrimu na soda ya tangawizi. Chupa ilikuwa ya kioo cheusi kisichoonyesha ndani. Sehemu ya soda ilishanywewa ndipo, katika kumimina iliyobaki, kikatoka kitu kilichodaiwa kuwa konokono aliyeoza. Shauri lilipanda hadi Bunge la Malodi mjini London, na tarehe 26 Mei 1932 majaji watatu dhidi ya wawili wakaamua kwamba mtengenezaji wa soda anaweza kuwajibika kwa mnywaji wa mwisho hata kama hawajawahi kuuziana kitu, maana bidhaa imetoka kwake imefungwa na njiani hakuna aliyeweza kuikagua. Jaji Atkin aliuita uhusiano huo ujirani: jirani yako kisheria ni yule ambaye ulipaswa kumfikiria kabla ya kutenda. Iweke chupa ile kando ya sahani ya wali uliofunikwa na maharage, utaona ni kesi moja. Kwa wanaotaka kujua yaliyompata konokono, hajathibitishwa hadi leo kwamba alikuwemo. Pande mbili zilipatana kabla ya ushahidi kusikilizwa, na sheria ambayo mahakama za Kenya na Tanzania zinaitaja mpaka leo ikabaki imesimama juu ya mgongo wa mdudu ambaye huenda hakuwahi kuingia kwenye chupa.

Sababu ya Bi. Donoghue kumfuata mtengenezaji badala ya mwenye mgahawa inapaswa kututia hofu sisi tunaopenda kulipiwa. Soda haikuwa yake kwa mkataba. Aliyeinunua ni rafiki. Laiti angeinunua mwenyewe, angeegemea sheria ya mauzo ya bidhaa, ambayo Waingereza waliitunga mwaka 1893 na baadaye ikatua kwetu, Tanzania Bara kama Sura ya 214 na Kenya kama Sura ya 31. Sheria hiyo ni kali kuliko tunavyodhani: anayeuza chakula huhesabiwa kuwa ameahidi kwamba kinafaa kuliwa, na kikishindwa kufaa, haimsaidii kusema kuwa alijitahidi. Lakini ahadi hiyo ni kwa mnunuzi. Mwaka 1938 jaji mmoja wa Uingereza alilegeza kidogo, akasema mtu anayeketi hotelini na kuagiza chakula chake ameingia mkataba yeye mwenyewe, hata kama pochi itakayofunguka mwishoni ni ya mumewe. Kwa hiyo ukialikwa, kubali kulipiwa, ila agiza kwa mdomo wako mwenyewe, kwa sauti inayosikika hadi jikoni. Wakenya wana kinga ya ziada, kwa sababu Ibara ya 46 ya Katiba yao ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kulipwa fidia kwa madhara yatokanayo na kasoro za bidhaa au huduma. Sijui katiba nyingine nyingi ambazo zingeweza kunukuliwa na mtu aliyeshika shavu.

Hapo watainuka wanaosema mawe ni sehemu ya wali wetu, na asiyeyataka ale mkate. Wasidharauliwe, wana wenzao California. Mwaka 1936 Mahakama Kuu ya jimbo hilo ilikataa dai la mtu aliyeumizwa na mfupa ndani ya pai ya kuku, kwa hoja kwamba kuku ana mifupa kwa asili yake na mlaji anapaswa kuitarajia. Ungekuwa msumari, yangekuwa mengine. Mwaka 1992 mahakama hiyohiyo ililegeza kamba, ikaruhusu mpishi ashtakiwe kwa uzembe hata kama kilichodhuru ni cha asili. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ya Ohio, majaji wanne kwa watatu, ikawapa kisogo wenye koo: mlaji aliyeagiza mabawa ya kuku yasiyo na mfupa akakabwa na mfupa, akaambiwa kwamba “bila mfupa” ni jina la mapishi, wala si dhamana. Kwa mantiki hiyo hiyo mtu anaweza kukuuzia chai ya maziwa iliyokaukiwa maziwa. Ubaya wa kipimo cha asili ni kwamba kinauliza kitu kilikotoka, wakati jino linajali kama lilionywa. Mfupa wa mbuzi kwenye pilau ni wa asili na unaonekana, tena wengine huugombea. Ukiuma pabaya, ni shauri lako. Mfupa huohuo ukisagwa nusunusu ukafichwa ndani ya sambusa ni wa asili vilevile, lakini aliyeukunja ndani ya manda ndiye mwenyewe. Samaki kila mtu anajua ana miiba, na tende kila mtu anajua ina kokwa, isipokuwa ile iliyouzwa kwa maneno kwamba kokwa imetolewa. Na jiwe, hata kwa kipimo cha California, halina pa kujificha: hakuna mbegu ya mpunga inayozaa kokoto, iwe ya Kyela au ya Mwea.

Kwamba mlaji angetafuna polepole, sawa. Wapo wanaokula kana kwamba basi limeshapiga honi. Ila kutafuna ndiyo kazi ambayo meno yaliletwa kuifanya, na chakula kinachotaka kuliwa kwa tahadhari kingepaswa kuuzwa na tangazo lake.

Pingamizi zito ni la huruma. Mama lishe anapika tangu alfajiri, sahani yake ni ya bei ya chini, faida yake ni ya kupimwa kwa kijiko. Jino moja kuzibwa hospitali ya binafsi linaweza kumeza mauzo yake ya siku nzima. Je, tumfilisi kwa kijiwe kimoja? Kwanza, huruma hiyo huwa tunaikumbuka mbele ya jiwe tu. Mbele ya nauli ya daladala au bei ya umeme hakuna anayetuuliza tunapata kiasi gani. Pili, kipimo changu hakiishii kwake. Mama lishe aliyenunua mchele wa kupima kwenye gunia, akijua hali yake, ndiye mwenye ungo wa mwisho. Lakini siku hizi kuna mchele wa pakiti, umeshonwa vizuri, una picha ya bakuli linalotoa moshi, na umeandikwa kwamba umesafishwa na kuchambuliwa. Pakiti hiyo ndiyo chupa nyeusi. Viwanda vikubwa vina mashine ya kutenganisha mawe: chekeche lililoinama linalotikisika huku upepo ukivuma kutoka chini, mchele mwepesi ukaelea na kuteremka upande mmoja, mawe mazito yakang’ang’ania chekeche na kusukumwa kupanda upande wa pili. Hata kile kijiwe cha saizi ya chenga hunaswa, kwa sababu mashine inatazama uzito na haidanganywi na umbo. Mwenye kiwanda aliyetoza bei ya juu kwa kazi hiyo amewaambia watu wote, mama lishe akiwemo, waweke ungo ukutani. Basi kijiwe kikitoka, kipande ngazi kimrudie.

Nyumbani sheria hii inakatika mguu. Huko lawama hushuka kwa umri hadi imkute binti aliyepewa ungo huku runinga ikionyesha tamthilia, naye husema taa ilikuwa hafifu. Kwenye shughuli ndiyo haiwezekani kabisa: mchele umechaguliwa na akina mama kumi na wawili, kila mmoja na upande wake wa mkeka, na hakuna hakimu atakayejua kijiwe kilipita mkononi mwa nani. Mgeni hajalipa, hajaagiza, na akilalamika atatajwa miaka mingi. Ninachomwachia ni haki moja tu, ya kulitoa jiwe na kuliweka ukingoni mwa sahani, mahali ambapo mwenye nyumba akija kuondoa vyombo ataliona.

Tena asilimeze. Adabu imewapotezea watu wengi ushahidi wao. Jiwe litunzwe kwenye karatasi pamoja na kipande cha jino, na risiti kama ipo, kwa sababu mtetezi wa upande wa pili atauliza kwanza jiwe liko wapi, kisha atauliza hali ya jino lenyewe. Swali hilo la pili ni gumu kwa watu wa Arusha na Kilimanjaro, ambako maji ya sehemu nyingi yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na ambako magadi yanayowekwa kwenye makande ili maharage yaive upesi huongeza floraidi hiyohiyo, hadi meno yakawa ya kahawia na, yakizidiwa, yakamomonyoka. Jibu la sheria ya Kiingereza ni la kiungwana: unayemdhuru unamchukua kama alivyo, huwezi kumlalamikia kwa kuwa na jino laini. Lakini ikifika kwenye hesabu, hulipi zaidi ya ulichoharibu. Jino lililokuwa limebaki nusu hulipwa nusu, hapo wataalamu watabishana nusu ya nini, na mwenye meno ya bandia atawapita wote mlangoni, maana yeye bei ya jino lake anayo kwenye karatasi.