Bi-Mdogo Anaomba Namba Ishirini na Tatu

Kreti mbili za soda na kuomba radhi hadharani: hiyo ndiyo hukumu niliyokatiwa Jumapili barazani kwetu Mbagala, mbele ya wapangaji wote, watoto wao na muuza kahawa ambaye hata hakai pale. Mjumbe wa shina alinitazama kwa masikitiko. "Mwanangu, tangu lini umeanza kuchungulia nyumba za watu?"

Nilichofanya ni kujibu swali.

Nyumba yetu inachangia intaneti moja. Ruta iko kwa mama mwenye nyumba, na kifurushi kinaitwa "bila kikomo". Kikomo chake hufika katikati ya mwezi. Hapo kasi inashuka hadi picha ya harusi inafunguka kuanzia kilemba, na kabla hujafika kwenye shela umeshasinzia. Kila chumba kinakituhumu kingine. Nikajitolea kupima.

Nilitumia Scapy, maktaba ya lugha ya Python iliyoanzishwa na Mfaransa Philippe Biondi mwaka 2003, ambayo hunasa pakiti zinazopita na kuzichambua moja moja. Ina mzee wake, libpcap, aliyezaliwa pamoja na programu ya tcpdump kwenye maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani. Hapa niacheni nieleze, maana barazani hawakuniacha nimalize.

Mtandaoni hakuna kitu kinachosafiri kizima. Picha ya megabaiti tatu hukatwa vipande kama elfu mbili, kila kimoja kisizidi baiti 1,500, na kila kipande hubandikwa anwani kwa mbele: baiti sita za anayepelekewa, sita za anayetuma, mbili za kusema ndani mna nini. Zile sita za mwanzo zikiwa FF tupu, maana yake ni wote msikie.

Majirani wanaamini nilisoma meseji zao. Waifai yenye ulinzi wa WPA2 humpa kila mwenye simu ufunguo wake na ruta. Pakiti za jirani zikinifikia ni takataka tupu, na hata ningezifungua, WhatsApp nayo imezifunga kwa ndani. Kinachobaki ni makelele. Konda akiita "Gerezani, Kariakoo!" pale Rangi Tatu, hakuna anayemshtaki abiria kwa kusikia.

Na simu zinapiga kelele kweli. Simu ikiingia kwenye waifai haina namba ya mtandao, kwa hiyo inaitangazia nyumba nzima kwamba imefika, inaomba namba. Utaratibu huo ni DHCP. Ndani ya ombi mna kipengele cha 12, jina la kifaa, lile ambalo mwenye simu aliliandika akiwa na furaha zake. Watengenezaji wamehangaika kutuficha, na tangu Android 10 simu huonyesha anwani ya bandia badala ya ile ya kiwandani, kisha jina linapita waziwazi! Halafu kuna kipengele cha 50, ninachokipenda kuliko vyote. Simu iliyowahi kufika haiombi namba yoyote tu. Inaomba ile ile iliyopewa safari iliyopita.

Basi Jumapili nikaweka laptopu juu ya stuli. Majina yakasomwa, watu wakayadai kwa vicheko. "Simba-Damu" ya fundi cherehani. "Mtoto-wa-Mama" ya baba mzima mwenye wajukuu. Kisha "Bi-Mdogo".

Kicheko kikakatika. Mke wa dereva wa chumba cha mbele, ambaye siku zile za kupima alikuwa Tanga akimuuguza mama yake, akauliza kwa upole, "Huyu nani?"

Mjumbe ni mtu mzima, anajua kuzima moto. "Wezi tu hao, mama. Wa ng'ambo ya ukuta, wamebahatisha pasiwedi." Wanaume wote wakaafiki kwa umoja ambao mchango wa kunyonya choo haujawahi kuupata.

"Hapana, mzee," nikasema. "Mgeni angeomba namba yoyote. Hii imeomba 23 moja kwa moja. Ni mwenyeji." Nikageuza laptopu ili wa nyuma nao waone.

"Saa ngapi?" mke wa dereva akauliza.

Libpcap huandika muda wa kila pakiti hadi sehemu ya milioni ya sekunde. Nilizisoma zote.

Dereva akasimama. "Kwa hiyo wewe unasikiliza simu zetu!" Kesi ikageuka palepale. Kijana wa chuo akafungua Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, akatusomea kifungu cha 6 kuhusu kunasa mawasiliano ya watu. Aliisoma kwa waifai ile ile tuliyokuwa tunaigombea.

Soda nitanunua. Kinachoniuma ni kwamba kuhusu bando hakuuliza mtu. Tumehukumiana sisi kwa sisi, wakati anayetuuzia intaneti hajawahi kuitwa barazani. Mpimaji ni yeye, mwenye mizani ni yeye, na anayeamua kwamba "bila kikomo" imefika kikomo ni yeye pia. Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipoanza, nchi ilipiga kelele mpaka serikali ikazisitisha. Bei ina watetezi. Kipimo hakina hata mmoja. Ukipiga simu kulalamika, dada wa huduma kwa wateja anakushauri uzime ruta, kisha uiwashe.

Na huku mtaani jina langu lilishaharibika zamani. Kebo za intaneti za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu baharini Mei 2024, mama mwenye nyumba alinigongea mlango akinisihi niurudishe mtandao.

Jumapili hiyo hiyo usiku, mke wa dereva akanifuata uani. "Shemeji, hiyo programu inaweza kuwekwa kwenye simu ya mtu bila yeye kujua?" Nikamweleza kirefu kwa nini haifanyi kazi hiyo, nikaanzia kwenye zile baiti sita. Akaondoka nikiwa bado kwenye ya nne.

Jumatatu pasiwedi ya waifai ikabadilishwa. Mchango wangu wa mwezi walikuwa wameshaupokea.