Uliza Mwezi Una Siku Ngapi

Mgeni akikuuliza "nije mwezi gani?", ujue kuja ameshaamua, kilichobaki ni wewe kubebeshwa lawama. Mvua ikimnyeshea, ulimdanganya. Jua likimchoma, hukumwambia. Ndiyo maana sisi wenye nyumba Bagamoyo, kilomita 70 hivi kutoka Dar es Salaam, tuna jibu letu la siku zote: "Karibu wakati wowote." Ni jibu la adabu, na halina ukweli hata chembe.

Dada yangu, binti wa mama mdogo, ameolewa Geneva, na mumewe ni mtu wa mipango. Huko kwao, dada anasema, jambo hili halina ugumu. Kuanzia Juni hadi Septemba watu wanaogelea ziwani. Baridi ikiingia, unavuma upepo wauitao bise, ukipandisha mawimbi mpaka vyuma vya ufukweni vinagandia barafu, na watu wanakaa ndani. Basi, hesabu imekwisha. Tena ziwa lenyewe haliendi popote: kina chake kinadhibitiwa kwa malango pale mjini, mto Rhône unapotokea, kwa hiyo ukiliacha asubuhi utalikuta jioni. Shemeji amekulia katika imani hiyo, kwamba maji hukaa pale ulipoyaacha.

Nikawaambia waje Julai. Masika yamekwisha, barabara imekauka, na asubuhi kuna ubaridi wa kipupwe unaotufanya sisi tutafute masweta huku shemeji akifungua vifungo vya shati. Kila kitu kilikuwa sawa, ila siku waliyoichagua mwezi ulikuwa mpevu. Walikuwa wamefikia kwa shangazi Mbezi. Wakaondoka alfajiri kuikwepa foleni ya Tegeta, na kabla ya saa nne wakawa sebuleni kwangu Dunda. Shemeji hakutaka hata chai. Alitoka chumbani na kaptula ya kuogelea, taulo begani, miwani ya majini kwenye paji la uso, akauliza njia ya baharini. Nikamwonyesha. Akaenda, akarudi.

"Kaka," dada akanitafsiria, "anasema bahari haipo."

Haikuwapo kweli. Saa nne asubuhi, siku za bamvu, maji ya Bagamoyo yanakuwa yameondoka mpaka ngalawa zimelala ubavu mchangani, na wanawake wako huko mbali wakisaka pweza. Shemeji si mtu wa kukata tamaa, akaamua kuifuata. Tukamwona anapungua, anapungua, mpaka akawa mdogo kama kunguru. Maji aliyoyapata kwanza yalikuwa ya kifundo cha mguu. Akasonga, yakawa ya goti. Akajilaza chali katika hayo ya goti, kwa ubishi tu, kisha akarudi na matope mpaka mapajani, na watoto wa mtaa wote nyuma yake, maana mzungu mwenye miwani ya majini nchi kavu haonekani kila siku.

Mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu akamwambia bila kuinua kichwa: "Bwana, yatajaa saa kumi."

Saa kumi shemeji alikuwa ndani ya gari, amefunga mkanda, kwa sababu shangazi alikuwa amepika na foleni ya kurudi haimsubiri mtu. Bahari ilijaa kama mzee alivyosema. Aliitazama dirishani mpaka tukapiga kona.

Siri yake wavuvi wanaijua bila kitabu. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, maji ni ya bamvu: yanajaa sana na kupwa sana, na kwenye pwani yetu tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku hizo kujaa ni kwenye saa kumi, alasiri na alfajiri. Kupwa ni kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata, saa zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukifika nusu yanakuja maji mafu, ambayo hayajai ukaridhika wala hayapwi ukaokota kitu.

Shemeji asijione mnyonge. Kaole, mji wenye msikiti wa karne ya 13 kusini kidogo mwa hapa, bandari yake ilizibwa na mchanga na mikoko, na watu wakahamia Bagamoyo. Wajerumani nao walipafanya hapa makao makuu yao, kisha mwaka 1891 wakayapeleka Dar es Salaam kwenye bandari yenye kina, kwani huku meli kubwa zililazimika kutia nanga mbali. Kama gavana na bunduki zake zote hakuelewana na maji ya Bagamoyo, kaptula moja ingefanya nini?

Miezi nayo ina visa vyake, sikatai. Machi hadi Mei usije, labda kama unadaiwa unakotoka. Mto Ruvu unamwaga matope kaskazini tu mwa mji, bahari inageuka hudhurungi, na njia ya Saadani inameza magari. Henry Morton Stanley aliondoka hapa Machi 1871 kumtafuta Livingstone, masika yakamkuta njiani, na mabwawa ya Makata yakamtesa alivyostahili. Akarudi Bagamoyo Mei 1872, masika tena, wiki chache tu baada ya kimbunga cha Aprili kuipiga Unguja na pwani hii. Burton na Speke walikuwa na akili zaidi: walianza safari yao Kaole mwezi Juni 1857. Wakaugua hata hivyo. Kuna jamaa yangu naye alichagua wiki ya kwanza ya Mei 2024 kwa kuwa ina sikukuu. Hiyo ndiyo wiki Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotutangazia Kimbunga Hidaya. Boti za Unguja zikasimama, naye akashinda ndani kwangu akifundishwa bao na mjomba, ambaye hajui kumwachia mgeni hata kete.

Januari na Februari bahari imetulia, kaskazi linavuma, na jua halina huruma. Umeme ukikatika, mgeni na mwenyeji wanahamia pamoja chini ya mwembe. Vuli ina maembe, na mananasi ya Kiwangwa, ambayo nakushauri uyale hukuhuku. Mgeni mmoja aliyajaza kwenye buti, akakwama Tegeta juani, na hadi leo gari lake linanukia togwa. Halafu kuna tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981. Kwa miaka mingi limekuwa likiangukia kati ya Septemba na Novemba. Nyumba za wageni zinajaa, nami nagundua nina ndugu ambao marehemu mama hakuwahi kunitajia.

Ramadhani yenyewe haina msimu. Inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na tena mwisho wa Desemba. Mgeni wa mchana atauzunguka mji akitafuta chipsi mpaka achoke. Akivumilia mpaka magharibi, atawekewa uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, tambi na tende, na hatataka kuondoka.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Acha masika, halafu njoo mwezi wa angani ukiwa na siku 26 au 27. Maji yatajaa mchana, kwenye saa saba au saa nane, uogelee umeshiba. Usiku utakuwa wa giza, kwa hiyo wavuvi wa taa watatoka na asubuhi utapata dagaa wabichi. Kwenye mbalamwezi hawatoki, na dagaa unaishia kuwasikia. Shemeji nimempa tarehe zake, ameziingiza kwenye kompyuta, na ameuliza kama bahari imethibitisha.

Nawe msomaji ukinuia kuja, piga simu kwanza, kalenda ya msikitini ikiwa mkononi. Krismasi usijisumbue, nyumba imeshajaa.