Sifa za Mdandia Hadithi

Kila mtu katika fasihi yetu ana wa kumtetea. Mshairi ana chama chake na ukurasa wake gazetini. Mwandishi wa riwaya ana mchapishaji, na akibahatika ana tuzo. Mhakiki ana chuo kikuu kizima nyuma yake. Asiye na wakili ni mdandia hadithi: yule aliyesoma kisa cha mwenzake, akachukia kilivyoisha au akanogewa hadi akashindwa kukiacha, akashika simu na kukiendeleza mwenyewe, kwa wahusika wa mtu, majina ya mtu, na mara nyingi bila nukta hata moja kutoka juu hadi chini. Makosa yake yanajulikana hadi sokoni. Huandika “xaxa” penye “sasa”. Mhusika aliyezikwa sehemu ya tano huonekana sehemu ya tisa akinywa chai. Mvua hunyesha kila mtu anapolia. Na pale mlango unapofunguliwa ili tujue nani anabisha hodi, hapo hapo linatua neno ITAENDELEA, na alama za mshangao mpaka ukingoni mwa kioo. Huyu ndiye ninayetaka kumsifu, tena si kwa kumwonea huruma. Nadai kwamba hatuna msomaji makini kumzidi yeye, na kwamba yale yanayotuudhi zaidi katika kazi yake ndiyo ushahidi wa umakini huo.

Tuanze na linalowachefua wengi: binti wa ghafla. Kisa kinakwenda vizuri, mara anaingia msichana ambaye hakuwamo kabisa kwenye riwaya ya awali. Ana miaka 19 na ni daktari bingwa wa moyo. Ni yatima, lakini urithi upo. Anajua karate, Kifaransa na pilau. Ni mrembo kupita maelezo, na maelezo yenyewe yanakula nusu ukurasa, ila mwenyewe hajui kama ni mrembo. Shujaa akimwona anasahau kazi iliyomleta. Huhitaji upelelezi kumtambua: ni mwandishi mwenyewe, kajipodoa kaingia. Wamarekani walishamcheka tangu 1973, pale Paula Smith alipoandika kichekesho kifupi cha kuwakejeli mashabiki wenzake wa Star Trek, chenye luteni aitwaye Mary Sue, mwenye umri wa miaka 15 na nusu na hodari kuliko wakubwa wake wote. Jina hilo limebaki kuwa tusi kwa wahusika wa aina yake. Lakini hebu mtazame Willy Gamba, mpelelezi aliyeletwa na Elvis Musiba katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Ni hodari wa kila silaha, ni mtanashati kila anakofikia, na wanawake humwelewa kabla hajamaliza kusalimia. Anachomzidi daktari wetu bingwa ni kwamba Gamba alipitia kwa mhariri. Ndoto ni ileile. Mmoja ameivalisha suti, mwingine ameitoa nje na kanga ya kulalia. Maksi za ukweli nampa huyu wa pili.

Watasema ni uvivu: mwenye kipaji atunge wahusika wake. Hoja hii ina sura nzuri, lakini ukiituma maktaba inarudi mikono mitupu. Muhammed Said Abdulla, mwasisi wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, alishinda shindano la uandishi la 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa 1960. Bwana Msa wake anavuta kiko, anaunganisha mambo kwa utaratibu unaowaacha polisi midomo wazi, na ana rafiki, Najum, wa kushangaa kwa niaba yetu. Aliyewahi kumsoma Sherlock Holmes haulizi kiko kile kimetoka wapi. Abdulla alikidandia, akakishusha Unguja, akakitia tumbaku yake, na sasa tunakihesabu kuwa chetu. Rudi nyuma zaidi, Pate, mwaka 1728, kwenye Utendi wa Tambuka wa Bwana Mwengo. Msafara wa Tabuk wa mwaka 630, unaosimuliwa humo, ulirudi bila kupambana na jeshi la Warumi. Lakini msikilizaji wa Pate hakutaka safari ndefu namna ile iishe bila panga kuchomolewa, na mshairi akampa vita, tena vikubwa. Na sinema ya Titanic ya 1997 ilipotufikia, Joshua Amandus Mtani aliigeuza kuwa katuni ya Kiswahili, Mkasa wa Mapenzi ndani ya Titanic. Sitaji hata wale wa vibanda umiza, kina Lufufu, waliokaa kando ya televisheni wakimtafsiria Mchina maneno ambayo Mchina hajayasema, na watu wakalipa kiingilio kwa ajili ya hayo hayo ambayo hayakusemwa. Kama huu ni uvivu, basi ndio uliotujengea nusu ya rafu ya vitabu.

Sifa kubwa zaidi inaonekana ukiwa Mpanda, mkoani Katavi. Riwaya zilizochapwa zina jiografia yake. Zinaanzia Dar es Salaam, zinapanda ndege kwenda miji mikubwa, Kikosi cha Kisasi inafika hadi Kinshasa, na njiani zinapita juu ya Katavi bila hata kuchungulia dirishani. Mkoa wenyewe ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na ukiutaja kwa watu wa mbali wanadhani ni mbuga tupu isiyo na wakazi. Mdandiaji hana dharau hiyo. Tuseme ni kijana wa Makanyagio, kazi hana, bando la usiku analo. (Namtunga, lakini wasomaji wa hadithi hizi watamjua.) Huyu atamleta Gamba kwa treni, kwa sababu ndege hajaipanda na hapendi kusema uongo. Gamba atasota Tabora, atakula mihogo ya kukaanga ya kununulia dirishani, atachepuka Kaliua kwa ile reli iliyojengwa ili kubeba madini ya risasi, na atashuka Mpanda suti imegeuka rangi kwa vumbi. Atapunjwa nauli ya bodaboda. Kumbe majangili wamejificha karibu na Mto Katuma, na ni mwezi wa kumi, maji yamekauka mpaka viboko mamia wamebanana kwenye dimbwi moja la tope, mgongo kwa mgongo, wakubwa wakikatana kwa meno kugombea sehemu ya kulala. Gamba anataka kukatisha pale gizani. Kijana anamzuia kwa aya nzima: kiboko mwenye kuogopwa zaidi ni yule aliye nchi kavu akirudi majini, maana ukikaa kati yake na maji hana njia nyingine isipokuwa wewe. Aya hiyo haina koma, lakini Musiba mwenyewe hakuwahi kutupa kiboko wa namna hiyo. Kurasa 30 za upuuzi zimebeba nusu ukurasa ambao hakuna mtu wa Upanga angeweza kuuandika.

Wala si yeye aliyeanza mtindo huo mkoani. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, jirani na Ziwa Katavi, upo mkwaju unaosemwa kuwa makao ya mzimu wa Katabi, huyo aliyetoa jina la hifadhi na baadaye la mkoa, na watu huacha sadaka shinani. Kisa chake hakina chapa ya kwanza wala ya pili. Kila anayekisimulia anakata hapa, anaongeza pale, anamtia babu yake ndani, na hakuna anayedai mirabaha. Hadithi isiyodandiwa kule haikuitwa safi, ilisahaulika tu.

Pingamizi lenye uzito ni la mali. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mtunzi haki juu ya tafsiri na matoleo mengine ya kazi yake, na wapo watunzi waliokufa maskini huku vitabu vyao vikitolewa fotokopi. Hapa siwezi kumtetea mteja wangu kwa kelele. Anayemchukua Gamba na kumuuza kwa jina lake mwenyewe ni mwizi. Lakini tusimtie jela mtu kwa kosa la jirani yake. Anayeusambaza waraka wa PDF wa riwaya ya mtu kwa shilingi 1,000 hajaongeza hata herufi. Wala hakuna uhakika kama amekisoma kitabu chenyewe. Mdandiaji amesoma, amekariri, amekesha, na malipo yake ni mtu kumwandikia “tupia nyingine mkuu”. Mara nyingine hata mwenye mali hunufaika. Mwaka 1614 mtu aliyejificha nyuma ya jina la Avellaneda alitoa sehemu ya pili ya Don Quixote kabla ya Cervantes kuimaliza yake. Cervantes alikasirika mpaka akabadilisha ratiba ya shujaa wake: Don Quixote aliyekuwa akielekea Zaragoza akageuzwa njia akapelekwa Barcelona, ili tu yule mwizi aonekane mwongo. Kitabu kikatoka 1615, na wengi wanakiona bora kuliko cha kwanza. Sisemi kwamba kila mtunzi wetu aliyelala anahitaji Avellaneda wa kumwamsha, ingawa ningeweza kutaja wawili watatu.

Kuhusu lugha nitakuwa mfupi, kwa sababu walimu wameshasema yote. Ni kweli, kwenye hadithi hizi r na l zinabadilishana viti bila kuagana, na BAKITA ikizisoma zote kwa siku moja itahitaji likizo. Ila Kiswahili cha Katavi kinatoka vinywani mwa Wapimbwe, Wabende, Wakonongo, Wasukuma waliokuja na ng’ombe wao, na watu wa Katumba na Mishamo, makazi yaliyofunguliwa miaka ya 1970 kwa wakimbizi wa Burundi. Mdandiaji anapowaandika wakibishania bei ya mpunga, kila mmoja anabisha kwa mdomo wake. Riwaya nyingi zilizohaririwa vizuri humpa mkulima, askari na mganga sauti moja, ambayo ukiisikiliza vizuri ni ya mhariri.

Limebaki shtaka ambalo hata wapenzi wa hadithi hizi hulileta kwa uchungu: hazimaliziki. Mwandishi anapata kazi, anaolewa, anaibiwa simu, au anachoka tu, na sehemu ya 24 haiji kamwe. Kwa msomaji hakuna dhuluma kubwa kuliko hii, na mtu akiniambia kwamba amewahi kumlaani mdandiaji kwa jina la mama yake, sitashangaa. Lakini hata Conan Doyle, aliyemaliza kabisa kwa kumuua Holmes mwaka 1893, alisumbuliwa na wasomaji hadi akamfufua mwaka 1903. Ikiwa kifo kilichochapwa London hakikudumu, sembuse ITAENDELEA ya Makanyagio. Kama mwandishi amemwacha Gamba akining’inia kwenye tawi juu ya dimbwi la Katuma tangu Ramadhani iliyopita, yupo mtu Inyonga au Karema ambaye uvumilivu umemwishia na usiku huu anatafuta chaja. Atamshusha Gamba salama, viboko watapisha, na mbele kidogo atakuwa amesimama daktari bingwa wa moyo, miaka 19, yatima.