Kima Adai Risiti

Baraza linaloelezwa hapa ni la kubuni, ingawa mambo yaliyosemwa ndani yake yamo katika kumbukumbu za mahakama na katika vitabu vya wanahistoria. Lilikaa Wolfsburg, mji wa kaskazini mwa Ujerumani uliojengwa kwa ajili ya kiwanda kimoja, na ajenda yake ilikuwa moja tu: nani atunukiwe cheti cha kuwa chimbuko la sifa njema ya Volkswagen, kampuni inayojinadi kwa jina lake lenyewe kuwa ni mtengenezaji wa gari la umma. Wajumbe walikuwa wanne. Bibi Kadi alikuwa karatasi ya kubandikia stempu za akiba, ya mwaka 1938. Mzee Beetle alikuwa gari la mviringo lenye injini nyuma, lisilo na rejeta kwa sababu injini yake hupozwa kwa hewa badala ya maji. Bwana Injini alikuwa mashine ya dizeli ya ukoo uitwao EA189. Na wa nne alikuwa Kima, ambaye hakualikwa, lakini hakuna aliyepata ujasiri wa kumtoa. Ukatibu alipewa Soseji, na hapo hapana mzaha wowote, kwani tangu mwaka 1973 kiwanda hicho hutengeneza soseji zake chenyewe, zimesajiliwa katika orodha ya spea kwa namba 199 398 500 A, na ipo miaka ambayo soseji zilizouzwa zilizidi magari ya chapa hiyo.

Kanuni ya kikao ilimkataza mjumbe kujitaja kwa nafsi ya kwanza, kwa hoja kwamba taarifa za makampuni makubwa zimekwisha kuthibitisha kuwa kosa halina mtendaji, na kwamba kitenzi salama kuliko vyote ni "imebainika".

SOSEJI: Kikao kimefunguliwa. Mzee Beetle, kwa kuwa picha zake ndizo zilizojaa ukutani, anaombwa atangulie.

MZEE BEETLE: Shikamoo, Bibi Kadi.

BIBI KADI: Marahaba, mjukuu.

MZEE BEETLE: Ikumbukwe kwamba vita vilipokwisha mwaka 1945 kiwanda hiki kilikuwa kimebomolewa kwa mabomu, na watengenezaji wa magari wa Uingereza hawakuona kuwa gari lake lingefaa biashara; aliyekifufua ni Meja Ivan Hirst, mhandisi wa jeshi la Uingereza, ambalo liliagiza magari 20,000 kwa matumizi yake. Januari 1948 uongozi ulikabidhiwa Heinrich Nordhoff, na kufikia Agosti 1955 gari la milioni moja lilikuwa limetoka. Tarehe 17 Februari 1972 lilitoka Beetle la 15,007,034, likaipita Ford Model T, gari la Marekani ambalo kwa miongo mingi hakuna lililoifikia kwa wingi, na shughuli ilipofungwa huko Puebla, Mexico, Julai 2003, hesabu ilikuwa 21,529,464. Wenye mashaka na uimara wake wanaweza kuwauliza watu wa Afrika Mashariki, kwani gari hili lilishinda mbio za Safari za mwaka 1954, 1957 na 1962, na katika barabara zile za vumbi na tope kukosa rejeta kulikuwa neema, maana gari lisilo na maji halina cha kuchemsha.

KIMA: Mzee amehesabu magari hadi tarakimu ya mwisho, na apewe haki yake. Je, yupo aliyewahesabu waliolipa?

MZEE BEETLE: Gari lililipiwa na mnunuzi.

BIBI KADI: Mjukuu ameianza hadithi katikati, kama kawaida ya wajukuu. Mwaka 1933 serikali ya Hitler ilivunja vyama vya wafanyakazi na kuchukua mali zao, na fedha zilizopatikana kwa kuziuza mali hizo ndizo zilizosaidia kujenga kiwanda hiki, ambacho jiwe lake la msingi Hitler mwenyewe aliliweka Mei 1938. Mwaka uleule wananchi waliahidiwa gari la Mark 990, lililosanifiwa na Ferdinand Porsche, kwa sharti la kununua stempu ya Mark 5 kila wiki na kuibandika kwenye karatasi kama hii, bila riba, na bila haki ya kurudishiwa fedha kwa aliyeghairi. Watu wapatao 336,000 walibandika stempu zao. Hakuna hata mmoja aliyepokea gari. Kwa hiyo mfanyakazi wa Kijerumani alinyang'anywa nyumba ya chama chake ili kiwanda kijengwe, kisha akauziwa stempu ya gari ambalo kiwanda hicho hakikumtengenezea.

KIMA: Na usanifu wenyewe ulikuwa wa Porsche peke yake?

BIBI KADI: Alikuwapo Josef Ganz, mhandisi Myahudi na mhariri wa jarida la magari, ambaye gari dogo la injini ya nyuma lililotokana na mawazo yake lilionyeshwa Berlin mwaka 1933; mwaka huohuo alikamatwa na polisi wa siri, akakimbia nchi, akafia Australia mwaka 1967. Walikuwapo pia Tatra, kampuni ya Chekoslovakia, ambao shauri lao la hataza, yaani haki ya mbunifu juu ya ubunifu wake, lilimalizwa kwa malipo miaka mingi baada ya vita. Ukoo wa Mzee una mababu wengi kuliko picha zilizopo ukutani.

MZEE BEETLE: Kuhusu kipindi kilichofuata, imebainika kuwa vita vilitokea.

BIBI KADI: Vita havikutokea kama mvua. Kiwanda kilitengeneza magari ya jeshi juu ya chesisi ileile ya Mzee, pamoja na sehemu za bomu la kuruka la V1, na watu wapatao 20,000 walifanyishwa kazi humo kwa nguvu, wakiwamo mateka wa kivita, raia waliosombwa kutoka Poland na Umoja wa Kisovyeti, na wafungwa wa kambi za mateso.

Hapa dhihaka haina kazi, na muhtasari wa Soseji umeyaacha maneno ya Bibi Kadi yalivyo. Alieleza kuwa wanawake waliofanyishwa kazi kiwandani walinyang'anywa watoto wao wachanga, wakapelekwa katika nyumba ya malezi iliyoendeshwa na kampuni, ambayo mwishowe ilihamishiwa Rühen, na kwamba zaidi ya watoto 300 walikufa humo kwa uchafu, njaa na maradhi. Daktari wa kiwanda aliyewajibika alihukumiwa na mahakama ya Waingereza na kunyongwa mwaka 1947. Aliongeza kuwa kampuni ilimwajiri mwanahistoria Hans Mommsen mwaka 1986 kuichunguza historia hiyo, kwamba kitabu chake na mwenzake kilitoka mwaka 1996, na kwamba mfuko wa kuwasaidia waliofanyishwa kazi kwa nguvu ulianzishwa mwaka 1998, wakati wengi wao walikuwa wamekwisha kufa.

Bwana Injini alikohoa, jambo ambalo kwa mashine ya dizeli si lazima liwe dalili ya aibu, akaomba kikao kiachane na mambo ya kale.

BWANA INJINI: Hayo ni ya wazee. Ukoo wa EA189 ni wa zama za uwazi; ulikuja kuthibitisha kwamba dizeli inaweza kuwa safi, na Wamarekani walikubali, hata Jetta ya dizeli ikapewa tuzo ya Gari la Kijani la Mwaka 2009, yaani gari lisiloharibu mazingira.

KIMA: Tuzo hiyo iko kabati gani?

BWANA INJINI: Ilifutwa mwaka 2015.

KIMA: Kwa sababu gani?

BWANA INJINI: Imebainika kuwa kulikuwa na tofauti ya vipimo.

SOSEJI: Katibu anaomba ufafanuzi, kwa kuwa spea namba 199 398 500 A haina programu ya kompyuta ndani yake.

BWANA INJINI: Moshi wa dizeli hubeba oksidi za naitrojeni, gesi zinazounguza njia ya hewa na kuchangia ukungu mchafu wa mijini. Gari hupimwa maabarani, magurudumu yakizunguka juu ya roli huku gari lenyewe limesimama. Programu ya mashine hii ilifuatilia usukani, mwendo, muda na shinikizo la hewa, na ilipoona magurudumu yanakimbia ilhali usukani haugeuki, ilitambua kuwa mpimaji yupo, ikawasha usafishaji wote wa moshi, mithili ya mwanafunzi anayeshika ufagio mkaguzi akionekana getini. Barabarani usafishaji ulipunguzwa.

KIMA: Ulipunguzwa kiasi gani?

BWANA INJINI: Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia walipakia vyombo vya kupimia ndani ya magari na kuyaendesha barabarani, na matokeo yao yakaamsha maswali. Septemba 18, 2015, Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani lilitangaza kuwa gesi hizo zilifika hadi mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa. Kampuni ilikiri kuwa programu hiyo imo katika magari yapatayo milioni 11 duniani, na mkuu wake, Martin Winterkorn, akajiuzulu kabla ya wiki kwisha.

Ingefaa kutambua kuwa Bwana Injini aliyasema hayo yote bila kumtaja mtu aliyeiandika programu, ustadi ambao baraza lilimpongeza kwa makofi.

KIMA: Sasa ni zamu ya mjumbe asiyealikwa. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na kikundi cha utafiti kilichofadhiliwa na Volkswagen, Daimler na BMW kikataka kuonyesha kuwa dizeli mpya haina madhara kama ya zamani. Mwaka 2014, katika maabara moja ya Albuquerque, Marekani, kima 10 waliingizwa katika visanduku visivyopitisha hewa ya nje, wakavutishwa moshi kwa saa kadhaa huku wakionyeshwa katuni ili watulie. Gari lililotoa moshi huo lilikuwa Beetle ya dizeli.

MZEE BEETLE: Huyo ni ndugu wa jina tu. Injini yake iko mbele, na ana rejeta.

KIMA: Rejeta yake haikuulizwa. Linaloulizwa ni hili: gari lile lilikuwa juu ya roli za maabara, nalo lilikuwa na programu aliyoieleza Bwana Injini, kwa hiyo lilijua kuwa linapimwa. Maana yake ni kwamba kima walifungiwa wavute sumu kwa niaba ya binadamu, kisha hata sumu yenyewe wakapunjwa, wakapewa moshi wa maonyesho ambao hakuna mkazi wa jiji aliyewahi kuuvuta barabarani. Katika ngano, mhenga mmoja wa ukoo wa kima alimhadaa papa aliyeutaka moyo wake kwa kumwambia kuwa ameuacha mtini. Mapafu hayaachiki mtini, na papa wa siku hizi ana wanasheria. Utafiti ule haukuchapishwa kamwe, na dunia iliusikia Januari 2018 kwa sababu waandishi wa habari waliufichua. Risiti ya kazi hiyo inaombwa.

BWANA INJINI: Kampuni imekwisha kulipa zaidi ya Euro bilioni 30 za faini, fidia na gharama nyingine.

KIMA: Zimelipwa kwa nani?

BWANA INJINI: Kwa serikali, wenye magari, wenye hisa na mawakili.

BIBI KADI: Kima asishangae. Walionunua stempu waliishitaki kampuni baada ya vita, kesi ikaburuzwa mwaka baada ya mwaka, na ilipomalizwa kwa mapatano mwaka 1961 mwenye kadi iliyojaa alipewa chaguo: apokee Mark 100 taslimu, au apunguziwe Mark 600 akinunua Volkswagen mpya. Aliyedhulumiwa gari alishauriwa anunue gari. Na walinunua, kwa kuwa Mzee Beetle alikuwa kweli gari zuri. Hilo ndilo fumbo la sifa hii, kwamba wema wa bidhaa umetumika kulipa madeni ambayo bidhaa haikuyakopa.

Maneno hayo yalimfaa Mzee Beetle kuliko alivyotarajia, akaomba yaandikwe kwa herufi kubwa. Soseji alitaka kupiga kura ya cheti, lakini mlango ulifunguliwa, akaingia kijana asiye na sauti: gari la umeme la ID.3, mzaliwa wa Zwickau, lisilo na ekzosi, yaani bomba la kutolea moshi.

GARI LA UMEME: Shikamooni. Imebainika kuwa enzi mpya imeanza, na cheti kinaweza kukabidhiwa huku.

KIMA: Marahaba, mwanangu. Mapafu yanashukuru. Ila Desemba 2024 kampuni na chama cha wafanyakazi walikubaliana kupunguza nafasi za kazi zaidi ya 35,000 nchini Ujerumani kufikia mwaka 2030. Katika enzi hiyo mpya, nani anayelipa?

Kwa kumwita kijana "mwanangu" Kima alikuwa amevunja kanuni ya nafsi ya kwanza, na Soseji alilitaja kosa hilo kwa sauti kabla ya kumwelekea aliyeulizwa.

GARI LA UMEME: Swali limepokelewa. Programu bado inasasishwa. Wajumbe wanaombwa wasizime.