Sinia la Harusi na Kabichi za Baba Furaha

Kuku ndio walioanzisha vita. Walipokichakura kitalu cha kabichi mpaka hakuna mche uliosimama, Baba Furaha alitangaza mbele ya chakula kwamba katika parseli hii hakuna mbegu itakayooteshwa chini tena. Kila kitu kwenye trei, juu ya meza. (Kuku wetu hawapandi meza. Wa jirani wanapanda, lakini hakuulizwa mtu.)

Akaanza na kartoni za mayai, kwa sababu ni za bure. Kartoni ya mayai ni karatasi iliyopondwa, na maji huirudisha ilikotoka. Alipoinyanyua, kitako kilibaki mezani, naye kashika ukingo mtupu.

Akaenda soko la Nyakasanza, akarudi na trei nyeusi za plastiki. Muuzaji alimwambia zimetoka Uganda kupitia Mahagi, kana kwamba urefu wa safari unaongeza unene. Udongo mkavu zilibeba. Ulipolowa, trei ilijikunja katikati, na miche ikamwagikia maharage ambayo Koko, mama yake, alikuwa ameyaanika. Zilizosalia zilikatikakatika kwa jua. Bunia iko karibu mita 1,300 juu ya bahari, na jua la huku halina huruma na plastiki nyembamba.

Ndipo likaja suala la sinia langu. Sinia la harusi, la kuandalia wageni. Imara, sikatai, ila halina tundu. Maji yakatuama, ugonjwa wa udongoni ukaishika miche shingoni, ikalala yote usiku mmoja. Nikamkuta Baba Furaha na nyundo na msumari, sinia mapajani.

"Mama Furaha, ni vitundu vidogo tu."

Nilichojibu hakiandikiki. Koko alisimama upande wangu, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu niolewe.

Naye ndiye aliyeleta bidoni: lile la njano la lita 20, lililokuja na mafuta ya kula. Akaamuru lioshwe, lilazwe, lipasuliwe kwa urefu kwa kisu cha moto, kisha kila nusu itobolewe chini kwa msumari wa moto. Tukapata trei mbili za kuta nene, unazoweza kuzibeba zimejaa udongo uliolowa bila kupinda. Msimu ukiisha unazisugua kwa sabuni na javeli, ugonjwa wa zamani usirithiwe na miche mipya. Kabichi zikasimama. Biringanya zikafuata.

Baba Furaha akanogewa. Siku moja nilirudi kutoka sokoni nikakuta ua mzima umepangwa trei za njano, naye katikati anatabasamu, kisu bado kinafuka moshi.

"Baba," Furaha akauliza, "na maji tutachotea nini?"

Alfajiri, kwenye foleni ya chemchemi, majirani walimwona mwanaume mzima amepanga sufuria mbili nyuma ya mabidoni ya watu. Koko alikuwa amempa na mifuniko yake.