Waraka kwa Watetezi wa Serikali Ndogo

Waheshimiwa,

Natanguliza shukrani. Wazee wenu waliwabana wafalme hata mtu akapata kusema, kuabudu na kumiliki mali yake bila kumpigia mkubwa magoti. Deni hilo nalikiri. Lakini siku hizi mnajitangaza warithi pekee wa uliberali, ilhali ukoo huo ni mkubwa, na wengine mmewafungia mlango.

Kila mnapotaka kodi ipunguzwe mnamtaja Adam Smith. Nawaomba kwa heshima mkisome kitabu chake cha mwaka 1776 hadi sehemu ya tano, anapoikabidhi serikali barabara, madaraja na elimu ya watoto wa maskini. Hata mwanauchumi Friedrich Hayek, mwaka 1944, alikubali kwamba jamii tajiri inaweza kumhakikishia kila mtu chakula, malazi na mavazi. Mmewapita walimu wenu kwa ukali.

Mnasema serikali ikikaa kando mtu huwa huru. Basi itazameni Ireland ilipokuwa chini ya utawala wa Uingereza. Ugonjwa wa viazi uliingia mwaka 1845, na mwaka uliofuata wanasiasa wa chama cha Whig, waumini wa soko huria, wakashika madaraka London. Nafaka iliendelea kupakiwa melini huku wenyeji wakifa, kwa kuwa serikali haikutaka kuingilia biashara. Kisha, kiangazi cha 1847, majiko ya supu ya serikali yakalisha watu wapatao milioni tatu kwa siku. Uwezo ulikuwepo! Lakini njaa ikiwa bado haijaisha, yalifungwa, na mzigo wakatwishwa walipa kodi wa Ireland yenyewe. Njaa ile iliua watu kama milioni moja.

Waliberali wengine walijifunza. Mwanafalsafa Mwingereza T. H. Green alifundisha kwamba uhuru ni pamoja na uwezo wa kufanya jambo lenye maana, si kuachwa tu. Chama cha Liberal cha Uingereza kikaleta pensheni ya wazee mwaka 1908, na bima ya ugonjwa mwaka 1911. Hao nao mnawaita wasaliti?

Hofu yenu kwamba serikali inayolisha huweza pia kutawala hata sahani naiheshimu. Bunge na mahakama huru vipo kwa ajili hiyo. Ila nijibuni hili, tena hadharani: majiko yale yalipofungwa, ni uhuru wa nani uliookolewa?