Muulize Somo: Mgeni kwenye Fungu la Matembele

Shikamoo Somo. Nilinunua matembele gengeni hapa Tegeta, nikakuta humo kiwavi wa kijani, unene wa kidole gumba, ana pembe mkiani. Mwanangu wa darasa la tatu amemtia kwenye ndoo, anataka kumlea mpaka awe nondo. Mama mkwe anasema huyo ni mdudu wa kutumwa, achomwe moto. Nifanyeje? – Mama wa Ndoo, Tegeta

Marahaba, mwanangu. Umefanya la maana kuniandikia mimi, kwa sababu siku hizi mjini washauri ni wengi kuliko bodaboda, na nusu yao hawajawahi kumtoa mwali hata mmoja. Mimi nimefunda mabinti kuanzia Mbagala Rangi Tatu mpaka Bunju. Kuna familia ya Tandika ilijidai kuanza ngoma bila mimi. Bwana harusi akazimia. Sitaji majina, wenyewe wanajijua, na deni langu la doti mbili za kanga wanalijua pia.

Sasa huyo kiwavi wako. Nilipomaliza barua nikacheka peke yangu kwenye daladala, kondakta akadhani nimesahau chenji. Mwanangu, una mwali ndani ya nyumba! Analishwa, ananenepa, anawekwa ndani asionekane, halafu anatolewa watu wapige vigelegele. Wataalamu wamekesha na hadubini wakitafuta jambo ambalo kungwi yeyote wa Kizaramo angewaeleza kwa soda moja.

Mama mkwe mwendee kwa adabu, upige goti kabisa. Mwambie pembe ile ni pambo, haichomi wala haina sumu. Wa kuogopwa ni kiwavi mwenye manyoya. Huyo asishikwe, atamwasha mtoto mpaka muende zahanati. Wa kwenu wataalamu wanamwita Agrius convolvuli, na nondo wake huruka kutoka Afrika mpaka Ulaya, anavuka jangwa na bahari bila kuulizwa karatasi. Mume wangu wa pili alihangaikia viza ya Uingereza mpaka nywele zikamnyonyoka. Ningejua mapema ningeolewa na nondo.

Mama mkwe akiendelea kununa, mpe cheo. Awe kungwi msaidizi, zamu yake ya usiku, avae kanga mpya, na kila ikifika saa nane atangaze mlangoni: "Mwali yu salama!" Pigeni na taarabu ya taratibu karibu na ndoo. Kiwavi hatafaidi chochote, ila majirani watajua kwenu kuna shughuli. Akisema kulea wadudu ni uchizi, mkumbushe Amani, kule Muheza. Wanakijiji wa Usambara Mashariki walilea vipepeo na kuuza pupa zao Ulaya na Marekani, mpaka 2016 serikali ilipozuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Uchizi wenye risiti, huo.

Chakula ni matembele. Usimletee mchicha, usimletee kisamvu, atakufa njaa huku amezungukwa na mboga. Nilikuwa na mwali wa Yombo aliyekataa kila kitu isipokuwa chipsi mayai, nikamnyoosha kwa siku mbili. Huyu usijaribu kumnyoosha, tumbo lake halina mjadala. Na matembele yenyewe yawe salama, maana yaliyopigwa dawa juzi yatamlaza chali. Chukua mashina uliyobaki nayo, yachomeke kwenye sufuria bovu lenye udongo. Yanashika upesi, na kiwavi akishindwa kuyamaliza mtaunga kwa nazi. Maji ya kunywa asiwekewe, majani yanamtosha, na kwenye bakuli atazama. Kinyesi kiondolewe kila asubuhi kisije kikaota ukungu.

Ndoo ifunikwe kwa kipande cha chandarua, mfuniko mtaupumzisha. Iwekwe juu ya stuli, na kila mguu wa stuli uingie kwenye kopo la maji, vinginevyo sisimizi watafanya karamu kabla yenu. Mjusi kafiri naye ana macho.

Siku atakapotulia bila kula, mtoto atalia kwamba amekufa. Hajafa, anavua ngozi. Msimguse.

Hapa nikupe kisa, kwa sababu mimi nimesoma, watu hawaamini. Kule Frankfurt, Ujerumani, palikuwa na binti akiitwa Maria Sibylla Merian. Mwaka 1660, akiwa na miaka 13, alianza kulea viwavi wa hariri na kuchora kila hatua, zama ambazo wasomi wengi wa Ulaya walishikilia kuwa wadudu huzuka tu kwenye tope na uozo. Mwaka 1679 akatoa kitabu cha viwavi na majani wanayokula. Mwaka 1699, mama wa miaka 52, akapanda meli na binti yake mdogo mpaka Surinam, Amerika ya Kusini, kufuata viwavi. Mume alikwisha kuachana naye zamani, ushauri ambao mimi ningempa mapema zaidi. Laiti angezaliwa Temeke tungekuwa mashoga, ingawa mbele ya ngoma ningetangulia mimi.

Nilikuwa nasema nini? Ndiyo, kumweka mwali ndani. Siku moja ataacha kula na kuanza kuzunguka ndoo kana kwamba amesahau kitu jikoni. Usichelewe. Mwekee udongo uliochekechwa, wenye unyevu wa kushikana ukiubana kiganjani, kina cha shubiri. Atazama humo, ajichimbie chumba na kugeuka pupa ya kahawia, mrija wake umejikunja kwa nje. Kwa joto letu atakaa wiki mbili tatu hivi. Asifukuliwe! Kule Kigamboni nilimfuma shangazi wa mwali akichungulia dirishani, nikamtoza kuku wawili, nikawala wote wawili.

Na ikitokea funza wametoka kwenye kiwavi badala ya nondo, si uchawi wa mtu. Kuna inzi na nyigu hutaga mayai yao kwa kiwavi akiwa bado shambani. Alikuja kwenu na mzigo wake.

Jamani, gari la shughuli ya Mtoni linapiga honi nje, bila mimi haliondoki, kwa hiyo nasema haraka. Ndani ya ndoo simamisha kijiti kikavu au ning'iniza kipande cha gunia. Nondo akitoka, mabawa yake ni mafupi na yamekunjamana; hupanda, huning'inia, na kuyasukumia maji ya mwili mpaka yakunjuke. Akikosa pa kupanda yanakauka vilevile na hataruka maisha. Matone atakayoacha si jeraha, ni taka alizozihifadhi. Mabawa yakikauka mtoeni nje usiku, na taa ya varanda izimwe. Mwaka 2024 watafiti walionyesha kwa kamera za kasi kwamba wadudu wa usiku hugeuzia mwanga mgongo, ndiyo maana huizunguka taa wasijue pa kutokea. Umeme ukikatika saa hiyo, kwa mara moja msilalamike.

Wewe wa Mbagala mwenye kiwavi kwenye biringanya, kama nondo wako atatoka na alama ya fuvu mgongoni na akalia ukimshika, usimwite shehe. Ndivyo alivyo, na huingia mizingani kuiba asali.

Na wa Kigamboni uliyeuliza habari za mume anayerudi alfajiri, nakujibu wiki ijayo. Kwa sasa mfichie viatu.